Elementi za tanuru la kukazia chuma zinakufa kila baada ya miezi mitatu, ni waya feki au ni sisi wenyewe?

#1 Chalii_wa_Karakana
Wakuu heshima kwenu. Nina karakana ndogo hapa Arusha, pande za Unga Limited, tunakaza nyundo za mashine za kusaga, springi za gari na majembe ya plau. Tanuru ni la umeme, kilowati 18, fezi tatu, kila fezi na elementi yake (koili ya waya inayowaka kutoa joto) imelala kwenye mifereji ya matofali ya moto. Moja ukuta wa kushoto, moja wa kulia, moja sakafuni chini ya bamba. Joto tunaenda 860 mpaka 880, hatuzidishi hapo.

Lilivyokuja lilikaa miaka minne halijaguswa. Toka tumebadili elementi mara ya kwanza ndo balaa limeanza, miezi mitatu minne paap imekatika, nanunua nyingine, inakatika. Ya sakafuni ndo inaongoza. Juzi imekatika tena katikati ya oda ya nyundo 240 za mtu wa Babati, na mwenyewe kakaa kwenye benchi ananiangalia tu wala haongei.

Fundi wangu anasema waya za siku hizi feki zote. Dukani wanasema umeme wetu ndo mbovu. Naona wananizungusha. Nini hasa kinaua elementi na nifanyeje zidumu?

#2 Bwashee_Mtazamaji
Nishakaa siti ya mbele, kahawa na kashata mkononi. Waje wajuzi.

#3 MangiVolti
Umeme huo chalii, usihangaike na mengine. Chukua mita pima saa tano usiku watu wakishazima mashine zao. Mimi Pasua hapa Moshi nimewahi kukuta 255 wakati inatakiwa 230. Na nguvu haipandi sawasawa na volti, inapanda kwa mraba. 255 gawa kwa 230 halafu jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata 1.23, yani elementi yako ya kilowati 6 inakula 7.4. Ungekuwa wewe ungedumu?

#4 Dada_Themokapo
Mangi nusu uko sawa nusu umeteleza. Tanuru lina kontrola, kile kifaa kinachosoma joto na kuwasha au kukata umeme. Volti ikipanda joto linafika haraka, kontrola inakata mapema, kwa hiyo jumla ya moto unaoingia haibadiliki sana. Linalobadilika ni kwamba kile kipindi imewaka waya yenyewe inakuwa ya moto kuliko kawaida, maana waya siku zote iko juu ya joto la tanuru. Skrini ikisema 880 usidhani waya nayo iko 880.

Chalii jibu haya kwanza. Kuwasha na kukata elementi unatumia kontakta (swichi ya sumaku) au SSR (swichi ya kielektroniki)? Waya ni milimita ngapi? Sumaku inashika au haishiki?

#5 Chalii_wa_Karakana
Asante dada. Kontakta, lile linalopiga kelele tak, tak. Waya ni mm 2. Ile ya mwanzo ilikua nene zaidi, fundi anasema ilikua mm 3, ila mjini ilikosekana akapata ya 2 akaikata mpaka omu (ukinzani wa umeme) zikalingana na za zamani. Omu 8.8 kila fezi, amepima mbele yangu kabisa. Sumaku inashika.

#6 MzeeWaKoili
Hapo kwenye #5 ndipo maiti ilipozikwa.

Wanangu, omu kulingana haina maana elementi zinalingana. Shika kalamu. Waya ya Kanthal A-1, aina maarufu ya waya za elementi, ya mm 3 ina kama omu 0.205 kwa mita, kwa hiyo kupata 8.8 unahitaji mita 43. Ya mm 2 ina omu 0.46 kwa mita, 8.8 unaipata kwa mita 19 tu. Nguvu ni ile ile kilowati 6, lakini inatoka kupitia ngozi ndogo sana. Piga eneo la nje la waya. Mita 43 za mm 3 ni kama sentimita za mraba 4,050, ukigawanya wati 6,000 unapata wati 1.5 kwa kila sentimita ya mraba. Mita 19 za mm 2 ni 1,200 tu, hapo unapata wati 5. Zaidi ya mara tatu. Ni kama gunia la mtu mzima umemtwisha mtoto wa darasa la pili, atatembea ndio, ila hafiki soko la Kilombero.

Halafu kuna jambo la pili. Hizi waya zinaishi kwa sababu ya aluminiamu kidogo iliyomo ndani, inatoka inajenga ngozi ya oksaidi juu. Ngozi ikipasuka aluminiamu nyingine inatoka kuziba. Waya nyembamba akiba yake ni ndogo, ikiisha, chuma kinabaki uchi na waya inaungua siku moja. Fundi wako si mwongo, ila amehesabu omu akasahau ngozi.

#7 Bwashee_Mtazamaji
Mzee shikamoo, umetuletea hesabu za fomu foo saa hizi za usiku. Hapo kwa mtoto na gunia ndo nimeelewa, mengine nimeyapitia kama mabango ya barabarani.

#8 Mbauda_Boy
Ila kama sumaku inashika basi waya ni orijino Kanthal, tufute hoja ya feki.

#9 Dada_Themokapo
@Mbauda_Boy usimdanganye mwenzio, hata waya ya kufungia nondo sumaku inashika. Sumaku inakusaidia kutofautisha makabila mawili tu. Nikromu, ile ya nikeli na kromu aliyoisajili Albert Marsh kule Marekani mwaka 1906, haishiki. Kanthal ya Hans von Kantzow wa Hallstahammar Sweden, ambayo ni chuma, kromu na aluminiamu, inashika ikiwa baridi. Kujua kama ni feki pima omu kwa urefu. Mita 10 za mm 2, Kanthal A-1 isome kama 4.6, nikromu ya 80/20 isome kama 3.5, ikisoma 0.3 au 0.4 umeuziwa waya ya banda la kuku.

#10 Chalii_wa_Karakana
Nilikua na kipande cha mita 4 kimebaki. Kimesoma 1.9, nikigusanisha ncha za mita zenyewe zinasoma 0.1, kwa hiyo 1.8. Ni yenyewe wakuu. Fundi wangu kasoma huu uzi kwenye simu yangu, kanuna, kaenda kunywa chai.

#11 Mama_Kiln_Moshi
Muache anywe chai, mchoyo wa waya ni duka si yeye.

Mi nina tanuru la vyungu hapa Soweto ya Moshi, waya ni hizo hizo. Kosa nililofanya mimi ni kuzigusa. Koili ilikua imelegea imetoka kwenye mfereji, nikasema niirudishe kwa koleo taratibu, tanuru limepoa kabisa. Nimeikunja kidogo tu, ikakatika kama tambi kavu. Nikashika upande wa pili, ikakatika tena, nikabaki na vipande vitatu mkononi nimesimama kama mtu aliyevunja sahani za ukweni. Baadaye ndo nikaelezwa kwamba Kanthal ikishapanda joto lile kubwa mara moja tu, punje za ndani zinakua na ikipoa inakua kama biskuti. Ukitaka kuikunja lazima uiwashe mpaka iwe nyekundu, uzime umeme kwenye swichi kuu kabisa, ndo uikunje haraka ingali nyekundu.

Sasa huyo fundi wa Chalii akibadili moja ya sakafuni, zile za ukutani hazigusi kweli? Hazivuti wakati anafunga terminali?

#12 MangiVolti
Mama hapo umenena. Ila mimi narudi kwenye umeme. Umeme ukikatika ghafla tanuru likiwa 880, ukirudi, ukikatika tena, hiyo ngozi anayosema mzee inapasuka maana ngozi na waya havitanuki sawa. Na kontakta linafanya hivyo hivyo siku nzima kwa udogo udogo. Ndo maana watu wanaweka SSR au thairista, swichi za kielektroniki, inayokata na kuwasha kwa sekunde chache, waya haipati muda wa kupoa na kuchemka. Chalii hesabu hizo tak tak kwa siku halafu uje uniambie.

#13 MzeeWaKoili
Mangi na umeme wake kama mtu na mkewe. Sikatai. Lakini umeme mbaya ungeua zote tatu, mbona ya sakafuni ndio inatangulia? Chalii elezea hiyo sehemu iliyokatika, usiseme imekatika tu. Ina rangi gani, ncha zikoje, imekatikia wapi.

#14 Chalii_wa_Karakana
Mzee nimeitoa nimeiweka juu ya gazeti nje kwenye mwanga. Sehemu kubwa ni kijivu kilichopauka kama jivu la mkaa. Ila kuna sehemu tatu hivi zilizokua zinagusa ukingo wa mfereji, hapo kuna kitu cheusi kinang'aa kama chupa iliyoyeyuka, kimegandana na tofali, ukikitoa kinatoka na waya. Mkatiko uko hapo hapo kwenye doa moja. Ncha moja ina kitone cha mviringo kama kichwa cha kiberiti, ya pili imechongoka. Na kwenye mfereji kumejaa unga mweusi na vigamba vya chuma, nimezoa vimejaa kopo la maziwa.

#15 Fundi_Nondo_Njiro
Naomba niingilie hapo. Vile vigamba si uchafu wa kawaida, ni oksaidi ya chuma inayobanduka kwenye nyundo zako. Inadondokea kwenye elementi ya sakafuni, inashikana nayo, inakula ile ngozi, na vikijaa kati ya mzunguko na mzunguko umeme unapita njia ya mkato. Ndo maana ya sakafuni inatangulia. Sisi kila Jumamosi tanuru likipoa tunanyonya mifereji na vakyumu ya gari, bamba la chini tumeliziba pembeni vigamba visipite. Hiyo tu. Elementi yetu ya chini ina mwaka na nusu.

Ila huo weusi kama chupa sina uhakika ni vigamba peke yake. Mfereji mliwahi kuuziba na kitu?

#16 Chalii_wa_Karakana
Ndio, ukingo ulimeguka mara ya kwanza kubadili. Tulichanganya udongo wa mfinyanzi na wota glasi, kuna jamaa wa kusubu anatumia kwenye mchanga wake alinigawia galoni. Ilishika vizuri sana kama mawe.

#17 MzeeWaKoili
Yesu na Maria.

Wota glasi ni silikati ya sodiamu, mwanangu. Chumvichumvi za namna hiyo zikipata moto zinayeyusha ile ngozi ya oksaidi kama sabuni kwenye mafuta. Na udongo wetu mwekundu umejaa chuma. Pale waya inapolala iwe tofali au simenti ya alumina nyingi, chuma kidogo. Bandua hiyo yote kwa patasi kabla hujaweka waya mpya, la sivyo utaweka hata ya dhahabu itakatikia pale pale.

#18 Mbauda_Boy
Kumbe mzee umebadilisha kesi? Kwenye #6 ulisema maiti imezikwa kwenye milimita, sasa iko kwenye wota glasi. Kaburi lina watu wangapi?

#19 MzeeWaKoili
Kaburi la familia hilo.

#20 Usiku_Mwema_TZ
Mimi ni mtu wa ulinzi siyo fundi, ila naomba niulize kitu wakuu. Tanuru likiwa la moto usiku, mlinzi wenu anakula nini? Nauliza maana mimi nililinda karakana moja miaka ya nyuma (jina nahifadhi) na tulikua tunachoma nyama mule ndani. Bosi akizima saa kumi na mbili, saa mbili bado mna moto mzuri kabisa. Kilo moja ya mbavu, chumvi ya kutosha, ndizi mbili za pembeni.

#21 Bwashee_Mtazamaji
Nimepaliwa na kahawa 😂😂😂 Arusha ni nyama tu, hata tanuru la chuma!

#22 Dada_Themokapo
Mnacheka lakini chumvi ina klorini, na klorini ni sumu kwa waya zote mbili, Kanthal na nikromu. Mafuta ya nyama nayo yanaacha kaboni. Na hata bila mlinzi, springi chakavu mnaziingiza na grisi na rangi yake? Vitu vilivyopakwa zinki je? Moshi wa hivyo vitu unaenda wapi kama si kwenye waya, na kwenye mapafu yenu.

#23 Chalii_wa_Karakana
Nimemuuliza mlinzi. Kasema hajawahi. Kisha kauliza nani kasema.

Springi tunaosha kwa dizeli tunafuta na tambara, si kila mara lakini. Na tunachovya kwenye oili chafu ya magari, kuna zinazorudi ndani ya tanuru kupunguzwa ukali bado zinachuruzika.

#24 Mbauda_Boy
Si uhamie nikromu basi yaishe? Haivunjiki kama biskuti, unaikunja hata ikishatumika, na kwa 880 inatosha kabisa maana yenyewe inaenda mpaka 1200.

#25 Fundi_Nondo_Njiro
Oili chafu ina salfa. Nikeli na salfa haviivi chungu kimoja. Kwa hali aliyoieleza hapo #23 nikromu yake itaoza mapema. Akiosha springi vizuri sawa, nikromu si mbaya, ila bei yake ukiulizwa unajifanya simu inaita.

#26 Toroka_Uje
Kwani nyie mnahangaika na elementi za nini, viwanda vya chuma vinatumia indakisheni (kuchemsha chuma kwa sumaku ya umeme) siku hizi, hakuna elementi hata moja.

#27 Dada_Themokapo
Hizo za viwanda vya chuma nyingi ni za kuyeyushia mkuu, zina koili ya shaba inayopita maji ndani, chuma chenyewe ndo kinachemka. Anayokaza nyundo 240 kwa mkupuo anataka joto lililotulia kila kona. Ni kama kumwambia mwenye jiko la mkaa anunue maikrowevu aokee mkate.

Tukiwa hapo, wanaofikiria zile fimbo za silikoni kabaidi, zinaenda joto kubwa kuliko hizi, lakini zinazeeka, omu zinapanda taratibu mpaka karibu mara nne ya mwanzo. Lazima uwe na transfoma ya kupandisha volti, na ikifa moja usichanganye mpya na wazee. Utamchosha aliyepo.

Sasa nina swali jingine. Chalii, waya inayotoka kwenye themokapo (kipima joto cha ndani ya tanuru) mpaka kwenye kontrola ni waya gani?

#28 Chalii_wa_Karakana
Ni fleksi ya kawaida ya 1.5, ile ya mwanzo ililiwa na panya.

#29 Dada_Themokapo
Nilijua tu! Themokapo aina ya K inataka waya yake maalumu mpaka kwenye kontrola. Ukiweka shaba, kontrola haioni tofauti ya joto kati ya kichwa cha themokapo na paneli. Kichwa pale nyuma ya tanuru kikiwa nyuzi 90 na paneli iko 30, unasoma pungufu 60. Skrini 880, ndani 940. Na waya juu ya hapo. Miezi yote hiyo mmekua mnachoma kwa joto msilolijua, na nyundo zako nadhani zimekua na punje kubwa zinavunjika, wateja hawajalalamika?

#30 MangiVolti
Na akiweka ile maalumu akageuza chanya na hasi je? Inasoma kinyume anaona mara moja.

#31 Dada_Themokapo
Akigeuza upande mmoja ataona. Akigeuza pande zote mbili, kichwani na kwenye paneli, haoni kitu, namba inapanda vizuri tu, lakini kosa linakua mara mbili ya hilo la shaba, 120 pungufu. Na rangi zinachanganya watu, kwa mfumo wa Marekani nyekundu ni hasi. Fundi umeme wetu akiona nyekundu anaipeleka wapi?

#32 Mama_Kiln_Moshi
Chanya bila hata kuuliza 😄

Chalii jambo moja tu kabla sijalala. Ukifunga waya mpya usiingize mzigo siku hiyo hiyo. Washa tanuru tupu, mlango umefungwa, peleka 1050 kama matofali yako yanaruhusu, liache masaa saba mpaka kumi lijenge ngozi kwenye hewa safi. Na mimi usiku sizimi kabisa, nashusha mpaka 600 nakesha nalo, waya zangu zina miaka mitatu.

#33 Fundi_Nondo_Njiro
Mama na luku nani analipa? Uniti za kukesha na tanuru mwezi mzima unanunua waya mpya na mbuzi juu.

#34 Mama_Kiln_Moshi
Tanuru langu nimeliviringishia blanketi la seramiki sentimita 10, halili sana. Piga hesabu ya kwako, usipige ya kwangu.

#35 Chalii_wa_Karakana
Wakuu nimerudi, wiki ya tatu hii. Nashukuru wote.

Mm 3 imepatikana ila ya kutosha fezi mbili tu, nikafunga sakafuni na kushoto. Kulia bado ni ile mm 2, inadunda mpaka leo. Mifereji ya sakafuni nimeibandua wota glasi yote kwa patasi siku mbili, vidole vimeisha. Vigamba tunanyonya Jumamosi. Nimetundika themokapo ya pili ya kuazima kulinganisha, Dada alikua sahihi, tofauti ilikua nyuzi 52. Tumeshusha. Fundi amerudi kazini, anasema yote hayo alikua anayajua.

#36 MangiVolti
Umebadili vitu vinne kwa mpigo, sasa ikidumu utajuaje ni kipi? Mimi nasema ni volti, na hujapima usiku.

#37 MzeeWaKoili
Ile ya kulia iangalieni. Ikikatika kabla ya Krismasi na za mm 3 zipo, mnaniletea soda.

#38 Fundi_Nondo_Njiro
Ya kulia haidondokewi vigamba mzee, haiwezi kuwa shahidi wako.

#39 Chalii_wa_Karakana
Kuna mtu Moshi ana mita sita za waya ya themokapo K? Ya kuazima wameidai.

#40 MangiVolti
Ninayo mita nane. Njoo na mita yako ya volti, tuipime wote saa tano usiku.

#41 Usiku_Mwema_TZ
Na mlinzi je?

#42 Chalii_wa_Karakana
Kaomba tumnunulie jiko la mkaa.